Majina ya Homa na Uchunguzi wa Maradhi ya Kuambukiza katika Afrika ya Mashariki

Uchunguzi wa maradhi ya kuambukiza katika Afrika ya Mashariki huanza kwa maswali kabla ya kufika kwenye darubini. Daktari au msaidizi wake huingia mjini au kijijini akauliza ni nani aliyeugua, tangu lini, na kwa dalili zipi. Na majibu ayapatayo huwa ni majina yaliyotungwa na watu wenyewe. Majina hayo yana mpango wake, na mara nyingi mpango huo haulingani na ule wa vitabu vya tiba. Makala haya yaeleza majina matatu, yaani kidingapopo, chikungunya na degedege, ili kuonyesha jinsi neno liwezavyo kumwongoza mchunguzi au kumpoteza.

Jina la kwanza lahusu Unguja. Katika mwaka 1870 ilizuka huko homa iliyowashika watu kwa ghafla na kuwaachia maumivu makali ya viungo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu kisiwani wakati huo, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka homa kama hiyo iliyopita yapata mwaka 1823. Neno pepo laonyesha kwamba mshtuko huo wa mwili ulidhaniwa kuwa umeletwa na pepo. Katika kamusi za baadaye umbo lililozoeleka ni kidingapopo. Christie alilinganisha jina hili na neno dengue, lililoenea katika visiwa vya Karibi wakati wa homa ya mwaka 1827 na 1828, akafikiri kwamba lilivushwa bahari na watumwa. Rai hiyo haijakubaliwa na wote, kwani Kihispania nacho kina neno dengue lenye maana ya madaha, na yumkini mwendo wa wagonjwa waliokakamaa ulifananishwa na mwendo wa mtu mwenye maringo.

Ama kuhusu ugonjwa wenyewe, jambo la ajabu lilionekana baadaye. Katika mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey alizipitia habari za zamani, akaonyesha kwamba maumivu ya viungo yaliyodumu siku nyingi, kama yalivyoelezwa na Christie, yafanana zaidi na chikungunya kuliko na ugonjwa uitwao dengue leo. Ikiwa ndivyo, basi jina lilisafiri na kuuacha ugonjwa wake nyuma.

Jina la pili latoka katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Katika mwaka 1952 na 1953 homa kali ilienea katika wilaya ya Newala, ikawakunja watu hata wakashindwa kusimama wima. Habari zake zilitangazwa mwaka 1955 na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, na kirusi chake kilipatikana na R. W. Ross katika damu ya wagonjwa wa mlipuko huo. Maji ni haba katika uwanda ule, na watu huyaweka akiba majumbani. Katika vyombo vya namna hiyo mbu aina ya Aedes aegypti hupata mahali pa kuzalia.

Chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye kuhusiana na kitenzi kungunyala, yaani kujikunja au kupindika. Kiambishi chi- cha Kimakonde hulingana na ki- cha Kiswahili. Hata hivyo vitabu vingi vya tiba vimeandika kwamba neno hili ni la Kiswahili, na kosa hilo limenakiliwa kutoka kitabu hata kitabu. Kosa hilo si dogo. Lawaficha watu waliotambua kwamba homa hii ilistahili jina lake peke yake, na lamfanya mgeni adhani kwamba Kiswahili peke yake chatosha kuuliza habari za maradhi kila mahali. Mfano mwingine ni wa mwaka 1959, ilipozuka kaskazini mwa Uganda homa ambayo Waacholi waliiita o'nyong-nyong, kwa kudhoofisha kwake viungo. Homa hiyo iliwashika watu wapatao milioni mbili katika miaka michache, na kirusi chake kikatambuliwa kuwa ni jamaa ya kile cha chikungunya. Katika milipuko yote miwili watu waliviona viungo kuwa ndiyo alama ya ugonjwa, na maabara ikaja kuthibitisha udugu wa homa hizo.

Jina la tatu lina hatari zaidi. Degedege ni kifafa cha ghafla kimpatacho mtoto mwenye homa, na neno lenyewe hufungamanishwa na ndege au nondo adhaniwaye kumpitia mtoto. Malaria kali ni sababu kubwa ya hali hiyo, ingawa homa ya uti wa mgongo na maradhi mengine huweza kuileta pia. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na homa ya malaria. Malaria ilikuwa ya hospitali. Degedege ilianza kwa mganga, na wengine waliogopa kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali ile angekufa.

Basi mchunguzi amwulizapo mama kama mtoto wake ameugua malaria, mama aweza kujibu la, na jibu hilo ni la kweli katika lugha yake. Kifo kitaandikwa chini ya sababu nyingine, na tangazo lisemalo kwamba malaria hutibiwa hospitali halitamfikia mzazi ambaye mtoto wake ana degedege. Kadhalika neno homa lenyewe lina maana mbili: joto la mwili kwa jumla, na ugonjwa maalumu. Swali lisilobainisha maana moja hukusanya majibu ya maswali mawili.

Kutokana na hayo, yafaa dalili ziulizwe kabla ya majina, na jina liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha yake, kabla ya kufasiriwa. Kazi hii ni ya mwanaisimu kama ilivyo ya daktari. Homa ilipoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, jina lililovuma katika matangazo lilikuwa homa ya dengue, hali kidingapopo limo katika kamusi. Kulirudisha neno la zamani kwaonekana kuwa jambo jema; lakini ikiwa Carey alisema kweli, neno hilo kwa asili lilitaja chikungunya. Hapana budi swali hilo lijibiwe na wenye kamusi na wenye maabara pamoja, maana mzazi asikiapo jina la ugonjwa ndipo aamuapo ampeleke wapi mtoto wake.