Bayogesi ya nyumbani: Hesabu mifugo na maji kabla ya kujenga mtambo

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 8, 2024, umelenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Bayogesi ni miongoni mwa nishati hizo, na kwa kaya yenye mifugo malighafi yake hupatikana zizini kila asubuhi.

Teknolojia hii si ngeni nchini. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) kilichopo Arusha kimekuwa kikiiendeleza tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianza mpango wa kitaifa wa kusambaza mitambo ya bayogesi ngazi ya kaya.

Mtambo wenyewe ni shimo lililojengewa kuba la matofali na saruji chini ya ardhi. Kinyesi kilichochanganywa na maji huingizwa humo, na kwa kuwa hewa haipenyi, bakteria hukivunjavunja na kutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi hupanda juu ya kuba na kusafiri kwa bomba hadi jikoni, ilhali tope linalobaki hutoka upande wa pili na kutumika shambani kama mbolea.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mtambo hulishwa kila siku kama mifugo yenyewe. Kwa wastani, kilo moja ya kinyesi cha ng'ombe hutoa lita 40 hivi za gesi. Kilo 40 kwa siku hutoa takriban lita 1,600, zinazotosha kuwasha jiko la plate moja kwa saa nne hivi. Kiasi hicho huhitaji takriban lita 40 za maji, yaani ndoo mbili kubwa, ingawa mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo.

Ng'ombe anayefugwa ndani hutoa kilo 10 au zaidi za kinyesi kwa siku. Anayechungwa huacha sehemu kubwa malishoni, hivyo mfugaji ahesabu kile kinachokusanywa zizini tu. Mtambo mkubwa kuliko mifugo iliyopo hutoa gesi hafifu, na hatimaye familia hurudi kwenye kuni huku fedha zake zikiwa zimefukiwa ardhini.

Bayogesi huweza pia kuzalisha umeme kwa jenereta iliyorekebishwa. Hata hivyo, zile lita 1,600 zingetoa uniti mbili hadi tatu tu, na sehemu kubwa ya nishati ingepotea kama joto la injini. Aidha, gesi hiyo ina salfa yenye harufu ya mayai viza, ambayo hula vyuma vya injini isipochujwa. Kwa kaya ya kawaida, kupika ndiko kunakostahili kutangulia. Umeme uwafae wenye mifugo mingi na gesi ya ziada.

Wananchi wanaokusudia kujenga wanashauriwa kupima kinyesi cha zizini kwa siku kadhaa, kuhakikisha maji yapo hata wakati wa kiangazi, na kumtumia fundi aliyepata mafunzo ya ujenzi wa mitambo hiyo.