Kwenda Guangzhou saa saba na nusu, kurudi nane na nusu: nani kaiba saa moja?

Swali la muda wa safari hii limeletwa na wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaofuata mzigo China kupitia Dubai, na kila mmoja huja na jibu lake mfukoni: dunia inazunguka kuelekea mashariki, basi ukienda Guangzhou mji unakukimbia, ukirudi Dubai inakufuata. Ushahidi? Tiketi. Tuseme umeondoka Dubai saa nne asubuhi, ukafika saa tatu na nusu usiku. Kurudi, umeondoka saa saba usiku, ukatua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Si saa nne na nusu tu hizo?

Sizo. Tiketi huandika saa za kila mji, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Fanya hesabu upya: kwenda ni saa saba na nusu, kurudi nane na nusu, kwa takriban kilomita 5,800 zilezile. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa vinginevyo, ukiruka juu sebuleni ungetua kwa jirani.

Ila mzunguko wa dunia unahusika kweli, na hapa ndipo penye utamu. Kwenye ikweta ardhi na hewa yake vinakwenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye latitudo ya 30, ambako duara la dunia ni dogo, ni kama 1,450. Hewa moto ya ikweta ikipanda na kusogea kaskazini huja na mbio zake, ikaipita ardhi iliyo chini yake. Ndiyo unakuwa mto wa upepo, kilomita kumi hivi juu, mkali zaidi miezi ya baridi. Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima kwa maputo miaka ya 1920, akaandika ripoti yake ya 1926 kwa Kiesperanto ili dunia nzima isome. Walioisoma walikuwa wachache.

Upepo huo huisukuma ndege iendayo mashariki. Mwili, kinyume chake, huteseka zaidi upande huo, kwa sababu saa yake kwa wengi wetu huzidi kidogo saa 24: kuchelewa kulala ni rahisi, kuwahi ni kazi. Saa hiyo imo ubongoni na hufuata hasa mwanga wa machoni. Anayekuuzia kichupa cha matone ya “kuirekebisha” anarekebisha mfuko wake.

Ndani ya ndege kunywa maji, inuka utembee damu isigande miguuni. Aliyewahi kuganda damu amwone daktari kabla ya safari. Ukifika, usikimbilie jua la alfajiri: saa kumi na mbili asubuhi ya Guangzhou, mwili uliotoka Dar bado uko saa saba usiku, na mwanga wa saa hizo huurudisha nyuma zaidi. Toka nje kuanzia saa nne.