Hesabu ya Umeme Kando ya Mto Tana

Maji yapitayo Kulesa, kijiji cha Wapokomo kilicho kando ya mto Tana katika eneo bunge la Garsen, huwa yamekwisha kufanya kazi kubwa kabla ya kufika huko, kwani juu mtoni yamezungusha mitambo ya kufua umeme katika mabwawa ya Seven Forks, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kati ya hayo Kindaruma ndilo lililotangulia, mwaka 1968. Umeme nao una safari yake. Laini kubwa itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu huubeba kwa volti 220,000, lakini nyumba ya kawaida nchini Kenya hupokea volti 240 tu, na mwenye paneli ya sola juu ya paa mara nyingi hutumia betri ya volti 12. Tofauti hizo zina sababu, na sababu yenyewe hueleweka kwa hesabu mbili fupi, moja ya kugawanya na nyingine ya kuzidisha.

Volteji, ambayo hupimwa kwa volti, ni msukumo unaoupeleka umeme ndani ya waya, mfano wa tangi lililoinuliwa juu ya mnara, ambalo kadiri linavyoinuliwa ndivyo maji yanavyotoka bombani kwa kasi. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni wingi wa umeme unaopita mahali fulani kwa kila sekunde, na ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni kizuizi ambacho waya au chombo hukiweka mbele ya mkondo huo, kama vile bomba jembamba na refu linavyoyachelewesha maji. Mwaka 1827 mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi vitu hivi vitatu vinavyohusiana: ukigawanya volti kwa ampea unapata omu. Nguvu, yaani kiasi cha kazi ambacho umeme hufanya kwa kila sekunde, hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, na jawabu lake huitwa wati.

Pasi inayovuta ampea 5 kwenye volti 240 ina ukinzani wa omu 48 na nguvu ya wati 1,200, kwa hiyo ikitumika nusu saa itakula wati-saa 600, ambazo ni sehemu 6 kati ya 10 za yuniti moja ya tokeni, kwa kuwa yuniti ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima. Nyumba ikiwa mbali sana na transfoma, na volti zikashuka hadi 180, omu 48 za pasi hubaki karibu zilezile, mkondo hupungua hadi ampea 3.75, na nguvu huwa wati 675. Volti zimepungua kwa robo moja tu, ilhali nguvu imepungua kwa karibu nusu, kwa sababu volti zinaposhuka huushusha mkondo pamoja nazo. Ndiyo maana pasi hukataa kushika moto jioni ambapo kila nyumba imewasha vyombo vyake, bila ya pasi hiyo kuwa na kasoro yoyote.

Hesabu hii huwa na uzito zaidi kwa mkulima wa ndizi au maembe anayetaka kuvuta maji ya mto kwa pampu ya sola. Pampu ya wati 120 huhitaji ampea 10 ikiwa ni ya volti 12, lakini nusu ampea tu ikiwa ni ya volti 240. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, ukitandazwa mita 30 kutoka kwenye betri hadi ukingoni, una urefu wa mita 60 kwa kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni takriban omu 0.42. Ampea 10 zikipita humo, volti 4.2 huishia njiani na pampu huambulia 7.8, ilhali wati 42 hupotea kwa kuupasha waya joto. Katika mfumo wa volti 240 upotevu huo haufiki hata wati moja, kwani mkondo ukipungua mara 20, joto hupungua mara 400. Fundi mwaminifu kwa hiyo huweka betri karibu na pampu au hununua waya mnene, hata kama bei yake inauma, na kwa sababu iyo hiyo umeme wa Garsen hausafirishwi kwa volti 240.

Ipo tahadhari moja. Hesabu ya omu huikubali pasi na birika, lakini mota ya pampu huvuta mkondo mkubwa sana inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshika kasi, na balbu za kisasa za LED zina sakiti ndani yake, hivyo omu zinazopatikana kwa kugawanya hubadilika kadiri hali inavyobadilika.

Mahali ambapo hesabu haipaswi kukosekana ni kwenye ekstensheni. Plagi ya Kenya ina fyuzi isiyozidi ampea 13, sawa na wati 3,120 kwenye volti 240. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa pamoja hufikisha wati 3,400, yaani zaidi ya ampea 14, na kwa kuwa fyuzi huweza kuvumilia ziada ndogo kama hiyo kwa muda mrefu bila kukatika, waya mwembamba uliokunjwa chini ya kitanda au nyuma ya kabati huendelea kupata moto, na plastiki yake ikalainika kabla ya yeyote kusikia harufu.