Jina la Mti Lisimpoteze Mnunuzi

Katika misitu ya Mau na Aberdare, nchini Kenya, mna mti mrefu usiopukutisha majani, kiangazi wala masika. Wamasai huuita ol-tarakwai na Wakikuyu mutarakwa. Kiswahili chake ni mtarakwa. Walowezi wa Kizungu, kwa ubao wake mwekundu wenye harufu nzuri uliofaa kutengenezea penseli, waliuita mwerezi wa penseli. Lakini huo si mwerezi. Mwerezi wenyewe ni mti wa Lebanoni unaotajwa katika Biblia, na jina lake lafanana na erez la Kiebrania na arz la Kiarabu. Wataalamu huuita mtarakwa Juniperus procera. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "mrefu".

Majina mengine ya miti ya jamii hii yana asili za mbali pia. Msonobari watokana na neno la Kiarabu sanawbar. Podo ni kifupi cha maneno mawili ya Kiyunani, "mguu" na "tunda", kwa kuwa kikonyo cha tunda lake huvimba mfano wa mguu.

Jina linalopotosha zaidi ni la saipresi ipandwayo sana mashambani. Mwaka 1768 Mwingereza Philip Miller aliita Cupressus lusitanica, yaani saipresi ya Ureno, kwani ilikuwa ikioteshwa huko. Kumbe asili yake ni Mexico na nchi jirani.

Ingawa majina yametengana, mtarakwa na saipresi ni wa ukoo mmoja. Vidukari vya saipresi vilipoingia Kenya mwaka 1990, vilikausha nyua na mashamba mengi ya saipresi, wala mtarakwa haukusalimika.

Hata hivyo, ndugu si pacha. Kiini cha mtarakwa hustahimili mchwa na kudumu ardhini miaka mingi. Nguzo ya saipresi isiyotiwa dawa huoza upesi. Basi anunuaye nguzo za ua asitosheke na neno "mwerezi". Na autazame mti wenyewe: mtarakwa wa kike huzaa vitunda laini vya buluu iliyokoza, na kiini chake ni chekundu, saipresi huzaa vitufe vigumu vinavyopasuka, na kiini chake ni cha rangi hafifu. Muuzaji aweza kubadili jina, lakini mchwa hawadanganyiki.