Uji wa Chenga za Mtama katika Staftahi ya Pugu

Mtu akaaye Pugu Kajiungeni au Pugu Mnadani, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ambaye riziki yake iko Kariakoo au Posta, hana budi kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili apate nafasi katika daladala. Na kwa kuwa wasaa wa kupika haupo, aghalabu hutoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi na maandazi mawili, ambayo ifikapo saa nne ya asubuhi yamekwisha kumwacha na njaa ileile aliyoamka nayo. Mtu huyo si mlafi, wala maandazi hayana kosa la kushitakiwa; ni tabia ya unga mweupe na sukari kuingia upesi katika damu na kutoka upesi. Makala haya yakusudia kuutetea uji wa namna moja ambao wazee wa pwani waliujua vizuri, nao sasa umeachwa nyuma na unga laini wa viwandani: uji wa chenga za mtama.

Siri ya uji huu ni kwamba nafaka haikusagwa ikawa unga, bali imepaazwa, yaani imevunjwavunjwa vipande ambavyo kila kimoja ni nusu au robo ya punje. Si sisi peke yetu tulioyagundua maarifa haya. Uskoti na Ayalandi, ambako baridi na mvua havikuipa ngano nafasi ya kustawi, nafaka ya oti hukatwa kwa visu vya chuma ikawa vipande viwili au vitatu, kisha huchemshwa polepole kwa nusu saa. Na katika kijiji cha Carrbridge, huko Uskoti, tangu mwaka 1994 hufanyika mashindano ya kupika uji, ambapo mshindani wa uji wa asili haruhusiwi kutia kitu ila oti, maji na chumvi. Mashindano hayo nayapenda kwa sababu yanamlazimu mpishi aonyeshe anavyojua kupika, pasipo kujificha nyuma ya sukari.

Wataalamu wa lishe wameipima tofauti iliyopo baina ya oti ya kukatwa na ile iliyosagwasagwa ili iive kwa dakika moja: katika kipimo kinachoonyesha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, ambacho glukosi tupu ndiyo 100, oti ya kukatwa hupata takriban 55, na ile ya dakika moja takriban 75, ijapokuwa zote mbili zimetoka katika shamba moja. Sababu yake ni wazi kwa atakayetaamali: chenga ina sehemu ndogo ya nje ya kushambuliwa na vimeng'enya vya tumbo, na wanga uliomo ndani hufikiwa kidogo kidogo, ambapo unga umekwisha kufanyiwa kazi yote hiyo mashineni kabla haujafika kinywani. Kanuni hiyo haichagui nafaka. Kwa hiyo mkazi wa Pugu hana haja ya kununua oti za mkebe zilizovuka bahari, zenye bei ya kuumiza, ili apate faida ambayo mtama wa Dodoma na Singida waweza kumpa.

Mtama ni nafaka ya bara letu. Ulianza kulimwa mashariki ya Sudani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na tangu zamani ndio uliowahimili Wagogo katika nchi yao kame. Na reli ipitayo Pugu, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910, ndiyo iliyoiunganisha nchi hiyo ya mtama na bandari yetu. Anayekwenda sokoni na achague mtama mweupe kwa ajili ya uji wa asubuhi, kwa maana ule mwekundu una uchungu utokao katika maganda yake, na uchungu huo huo huzuia mwili usinufaike sawasawa na chakula. Autie kiganjani, aupulize, atazame: punje iwe nzito na ing'ae, isiwe na vumbi jeusi wala harufu ya uvundo. Mashineni amwambie fundi aukoboe kwanza, kisha aupaaze kwa chekeche lenye matundu makubwa. Asiyepata fundi wa kumsikiliza atumie kinu: aunyunyizie maji kidogo, atwange bila haraka, apepete kwa ungo maganda yatoke, halafu achekeche ili unga ujitenge na chenga. Unga huo usitupwe, utafaa kwa ugali.

Usiku chenga huoshwa, zikatiwa maji ya uvuguvugu yazifunike, na kijiko kimoja cha mtindi, kisha zikaachwa hadi asubuhi. Uchachu huo mdogo huanza kuvunja vile vitu vilivyomo katika nafaka ambavyo hushikamana na madini ya chuma na kuunyima mwili madini hayo. Fauka ya hayo, chenga zilizolala majini huiva kwa nusu saa hivi, badala ya saa nzima. Nami jambo hili la pili nalitilia mkazo hapa Pugu kuliko mahali pengine, kwa kuwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyokuwa mizito na yenye miti isiyoonekana kwingi duniani, imeliwa kwa miaka mingi na matanuru ya mkaa yanayolisha majiko ya Dar es Salaam. Nusu saa ya moto inayookolewa kila asubuhi katika kila nyumba si kitu cha kudharauliwa.

Asubuhi maji ya kulowekea humwagwa, na chenga hushushwa katika maji yanayochemka, vikombe vinne kwa kila kikombe kimoja cha chenga zilizopimwa zingali kavu, pamoja na chumvi robo kijiko cha chai. Dakika kumi za mwanzo mwiko usitoke mkononi, kwa maana ndipo wanga unapotoka na kutaka kushika chini ya sufuria; baada ya hapo makaa hufunikwa majivu, kifuniko kikaegeshwa, na uji ukaachwa utokote kwa sauti ya chini. Ukitaka kujua kama umeiva, toa chenga moja kwa ncha ya kijiko uipasue kwa meno ya mbele: ikiwa bado, utaona kitone cheupe kikavu katikati. Kitone hicho kikitoweka, na chenga ikawa laini lakini ingali na ukinzani mdogo kinywani, hapo uji umekamilika, wala usiendelee kuupika mpaka urojeke. Yule ambaye saa kumi na moja amekwisha kuwa kituoni aweza kuuchemsha usiku kwa dakika kumi, akaumimina ungali moto kabisa katika chupa yenye mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji yachemkayo, akaufunga. Alfajiri ataukuta umeiva, aurudishe motoni uchemke kidogo, basi.

Sasa tuje kwenye vya kutilia juu, ambapo wengi huharibu. Kitiliwacho juu ya uji kiutimizie kile ulichokosa, kisije kikauzika. Mtama hauna mafuta ya kutosha, basi nazi ina haki ya kwanza: tui la pili litumike kupikia mahali pa sehemu ya maji, na lile zito la kwanza litiwe mwishoni kabisa, likorogwe mara mbili tatu, sufuria iepuliwe kabla halijachemka likakatika. Penye tui, pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi pamoja na hiliki huupa uji ladha ile ambayo watu wa pwani huijua kwa futari ya Ramadhani, na sioni sababu ya kuingojea Ramadhani. Mtama hauna vitamini C, nayo ndiyo inayousaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo papai, embe dodo la mwezi wa Desemba, au kijiko cha unga wa ubuyu uliokorogwa kwa maji kidogo, si pambo bali ni sehemu ya chakula chenyewe. Utamu utoke katika tende mbili zilizokatwakatwa, au ndizi mbivu, na sukari ikae kabatini. Korosho za Kisarawe na Mkuranga, zikikaangwa kavu na kuvunjwa, hupendeza mno juu ya tui.

Karanga zinataka hadhari. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye chembe ya ukungu zitengwe moja moja kwa mkono na kutupwa, kwani sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, iliwaua watu waliokula nafaka iliyoharibika. Kwa sababu hiyo hiyo siafikiani na desturi ya kuchanganya nafaka saba na karanga na soya katika gunia moja la unga wa lishe na kuuweka kwa miezi: chembe moja mbovu huingia katika vikombe vyote, na mnunuzi hana njia ya kuiona.

Mtoto anayeanza kula asipewe chenga. Yeye apikiwe uji wa unga laini, ukishaiva na kupoa kiasi utiwe kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, ambacho huulegeza uji mzito ukanyweka bila kuongezwa maji, kisha urudishwe motoni uchemke tena. Maarifa hayo ya bibi zetu Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, iliyachunguza na kuyaeneza. Asali asipewe kabla hajatimiza mwaka mmoja. Na mtu mzima aliyezoea kuushushia uji kwa chai ya rangi ajue kwamba chai hiyo huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, hata embe alilolitia likawa bure; chai na aiahirishe kwa saa moja, ainywe akiisha fika kazini.