Betri na Joto katika Kompyuta Mpakato: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Oktoba, maghala ya vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Masasi na Newala huanza kujaa korosho. Katika Kijiji cha Lupaso, alikozaliwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, mwaka 1938, na alikozikwa mwezi wa Julai 2020, zao hilo ni tegemeo la kaya nyingi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Mtwara. Tangu mwaka 2007 korosho za mkoa huo zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupima mzigo wake, uzito huandikwa, mzigo huuzwa mnadani, na malipo humfikia baadaye kupitia benki. Baina ya mizani na malipo upo mlolongo mrefu wa kumbukumbu. Tarakimu moja ikikosewa katika uzito au katika namba ya akaunti, mkulima hana budi kusubiri.

Kumbukumbu hizo siku hizi aghalabu hutunzwa kwa kompyuta mpakato, yaani kompyuta ndogo inayobebeka na yenye betri yake yenyewe. Kompyuta inayozimika saa tisa alasiri, umeme umekatika na wakulima wangali katika mstari, huleta hasara isiyoonekana katika bei iliyolipwa dukani. Tena msimu wa korosho ndio msimu wa joto kali. Kwa hiyo katibu wa chama cha ushirika, na kadhalika mwalimu mkuu au mganga wa zahanati, anapotaka kununua kompyuta mpya ya kazi, yampasa aulize maswali mawili: betri yake hudumu kwa muda gani, na mashine yenyewe hupata joto kiasi gani? Makala haya yanaeleza kwamba maswali hayo mawili, kwa hakika, yana chanzo kimoja.

Chanzo cha joto

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima, na chumba hicho kilihitaji kupozwa kwa mitambo maalumu. Gharama zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila ya kibali. Tangu hapo vyombo hivi vimepungua ukubwa kwa namna ya ajabu, lakini kanuni ya maumbile haikubadilika: umeme unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto, karibu wote.

Ubongo wa kompyuta huitwa prosesa. Ni kipande kidogo cha silikoni chenye swichi ndogo mno. Prosesa ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na swichi 2,300. Prosesa ya Apple M1, iliyotolewa mwaka 2020, ina swichi bilioni 16. Kila swichi inapofunguka na kufunga, chembe ya umeme hujazwa na kumwagwa, na kila mara nishati kidogo hupotea kama joto. Nishati hiyo hutegemea mambo matatu: wingi wa swichi zinazofanya kazi, kasi yake, na volti inayotumika. Katika hayo, volti ndiyo yenye athari kubwa zaidi, kwa sababu joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti. Prosesa za zamani zilitumia volti 5. Nyingi za siku hizi hutumia takriban volti 1. Kwa swichi ya aina ile ile, kushuka kutoka volti 5 hadi volti 1 hupunguza nishati hadi sehemu moja ya ishirini na tano.

Hapo ndipo siri ya uchaguzi ilipo. Prosesa inayotumia wati chache humaliza betri polepole, na papo hapo hutoa joto kidogo. Prosesa kubwa ni kama taa ya karabai: mwanga wake ni mkali, lakini mafuta huisha upesi na chumba hupata fukuto. Anayeandika barua na kujaza majedwali ya uzito hahitaji karabai.

Hesabu ya betri

Betri za kompyuta mpakato za leo ni za lithiamu. Aina hii iliingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioiendeleza, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri yenye wati-saa 50 yaweza kutoa wati 50 kwa saa moja, au wati 10 kwa saa 5, au wati 5 kwa saa 10. Endapo kibandiko cha betri kinaonyesha miliampea-saa tu, mnunuzi azidishe namba hiyo kwa volti za betri, kisha agawanye kwa 1,000. Kwa mfano, miliampea-saa 4,000 mara volti 11.4 ni wati-saa 45.6.

Muda wa kudumu hupatikana kwa kugawanya wati-saa kwa wati zinazotumika. Ndiyo maana muda unaotangazwa na mtengenezaji haufai kuaminiwa peke yake. Aghalabu hupimwa kwa kazi nyepesi, huku mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa. Aidha, kompyuta yaweza kudumu saa nyingi kwa sababu imepewa betri kubwa, huku prosesa yake ikila umeme kwa pupa. Kompyuta ya namna hiyo itadumu, lakini itachoma mikono. Anayetaka vyote viwili, yaani muda mrefu na ubaridi, atazame kwanza wati zinazotumika, ndipo atazame ukubwa wa betri.

Mazingira ya Masasi na Newala

Joto la prosesa huongezwa juu ya joto la chumba. Ichukuliwe kwa mfano kompyuta ambayo kila wati moja hupandisha joto la prosesa yake kwa nyuzi 2 za Sentigredi. Ikitumia wati 15, prosesa itazidi joto la chumba kwa nyuzi 30. Katika chumba chenye nyuzi 22 itafika nyuzi 52. Katika ofisi ya paa la bati lisilo na dari, yenye nyuzi 36, itafika nyuzi 66. Mashine ile ile ikifanya kazi ya wati 30 katika ofisi hiyo itafika nyuzi 96. Prosesa nyingi zinapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Hivyo mtu aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya kasi kubwa huikosa kasi hiyo wakati wa mchana. Mji wa Newala, ulio juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, una nafuu ya hewa kuliko bonde la Masasi, lakini hesabu ni ile ile.

Jambo la pili ni vumbi. Kompyuta nyingi hupozwa kwa feni ndogo inayovuta hewa ya nje. Pamoja na hewa huvuta vumbi, ambalo hujikusanya katika mapezi ya kupozea hadi hewa ishindwe kupita. Katika nchi ya korosho liko vumbi jingine la hatari zaidi, nalo ni unga wa salfa. Wakulima huupuliza katika mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na mara kwa mara mifuko yake huhifadhiwa katika ghala lile lile lenye ofisi ya chama. Salfa hula shaba na fedha, madini yanayotumika katika nyaya na viungio vya vyombo vya umeme. Feni inayovuta unga huo huupeleka mahali ambapo madhara yake ni makubwa kabisa.

Kwa sababu hiyo kompyuta isiyo na feni yafaa sana katika ofisi za namna hii. Zipo aina kadhaa zinazotumia prosesa za wati chache kiasi kwamba bamba la chuma peke yake hutosha kutawanya joto. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1 ilikuwa mfano mmoja, na zipo nyingine za bei nafuu zaidi. Anayenunua yenye feni na ahakikishe kwamba kifuniko cha chini hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, ili iweze kusafishwa.

Umeme wa jua

Mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, au hukatika mara kwa mara, ofisi hutegemea paneli za jua. Hapo wati za kompyuta huwa na uzito wa pekee. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa kupita nusu, la sivyo huharibika mapema. Zinabaki wati-saa 600. Kompyuta inayotumia wastani wa wati 10 kwa saa 8 itachukua wati-saa 80. Inayotumia wati 40 itachukua 320, yaani zaidi ya nusu ya akiba yote, kabla ya kuwashwa hata taa moja.

Upo pia upotevu usioonekana. Watu wengi huunganisha betri ya jua na kigeuzi kinachopandisha volti 12 hadi 230, kisha chaja ya kompyuta huishusha tena hadi volti 20 hivi. Katika kila hatua sehemu ya nishati hupotea kama joto. Kompyuta zenye mlango wa USB-C wa kuchajia zaweza kupokea umeme kutoka betri ya volti 12 kwa njia ya chaja ya gari, bila ya kigeuzi chochote. Mlango huo ni jambo la kuulizia dukani, kwa maana huokoa nishati, na chaja yake ikiharibika hupatikana kwa urahisi zaidi.

Mambo ya kutazama dukani

Kwanza, mnunuzi asome jina kamili la prosesa. Katika prosesa nyingi za Intel na AMD, herufi U mwishoni huashiria aina ya nishati ndogo, aghalabu takriban wati 15, na herufi H huashiria aina ya nguvu kubwa, aghalabu wati 45 au zaidi. Kadi ya pekee ya picha, inayowafaa wacheza michezo na wachoraji wa ramani kubwa, yafaa iepukwe, kwa kuwa ni chanzo cha pili cha joto.

Pili, achague diski isiyozunguka. Diski ya aina hiyo hutumia umeme kidogo, na haidhuriki kwa mitikisiko ya safari ya pikipiki katika barabara ya changarawe.

Tatu, akumbuke kwamba kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme. Kioo cha kadiri, ambacho mwanga wake waweza kupunguzwa, hutosha kwa kazi za ndani.

Nne, mashine ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Iwashwe kwa nusu saa bila ya chaja, ikifanya kazi halisi, kisha itazamwe betri imeshuka kwa asilimia ngapi, na mkono upapase sehemu ya chini. Ikishuka asilimia 10 kwa nusu saa, itadumu kadiri ya saa 5.

Tano, anayenunua kompyuta iliyokwisha tumika aulize hali ya betri. Mashine zenyewe zaweza kuonyesha uwezo wa awali na uwezo uliobaki. Iliyobakiwa na nusu itahitaji betri mpya, na bei ya betri hiyo ihesabiwe. Vilevile atazame kama mashine hiyo inakubali programu endeshi inayohudumiwa bado, kwani huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Utunzaji

Betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumiwa, na joto huiharakisha. Kwa makadirio ya wanakemia, mabadiliko ya namna hii huelekea kuongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Betri iliyojaa kabisa na kukaa mahali pa moto huchoka upesi zaidi. Basi kompyuta isiachwe juani, wala ndani ya gari lililofungwa, wala juu ya godoro linaloziba matundu yake. Ikiwezekana, ipangwe iishie asilimia 80 inapochajiwa siku zote; kompyuta nyingi za sasa zina mpango huo ndani yake. Ikihifadhiwa baada ya msimu, iachwe na chaji ya nusu, mahali pa baridi na pakavu, mbali na mifuko ya salfa.

Kwa muhtasari, kompyuta bora kwa ofisi ya Lupaso si lazima iwe yenye kasi kuliko zote wala yenye bei kubwa kuliko zote. Ni ile inayotumia wati chache, yenye betri ya kadiri, inayokubali umeme wa jua moja kwa moja, na isiyovuta vumbi. Mashine ya namna hiyo itakuwa ingali inafanya kazi jioni, mkulima wa mwisho katika mstari atakapoweka gunia lake juu ya mizani na kusubiri uzito wake uandikwe.