Mjue Samaki Kabla ya Kumtia Chunguni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ikawa riziki na zingatio kwa waja wake.

Sisi watu wa pwani twajivunia kuwajua samaki. Tafi, changu, pono na kolekole twawatambua hata wakiwa wamekwisha kuparwa magamba. Lakini kumtambua samaki kwa ladha yake ni jambo moja, na kuijua kazi aliyopewa baharini ni jambo jingine. Juma hili tumeona vyema tuwatazame baadhi yao, hasa wale wa rangi na maumbile ya ajabu waishio kwenye matumbawe yetu.

Tuanze na pono. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, na kwa mdomo huo hukwangua mwani juu ya miamba. Jiwe alilolikwangua hulisaga kooni, kisha hulitoa likiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga tunaoukanyaga ufukweni imepita tumboni mwake. Usiku, baadhi ya aina za pono hujifunika utando wa ute wakalala ndani yake. Na ajabu kubwa zaidi ni kuwa pono wengi huanza maisha wakiwa majike ya rangi ya udongo, kisha wachache hugeuka madume ya kijani na buluu.

Samaki wadogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, wakaao katikati ya vinyama vya bahari viwashavyo kama upupu, mambo yao ni kinyume. Kwao jike ndiye mkuu wa nyumba. Akifa, dume lake hugeuka jike na kushika nafasi yake. Na kwa farasi-bahari, dume ndilo libebalo mimba. Jike hulitilia mayai katika mfuko wa tumboni, nalo huyalea mpaka watoto watoke.

Kikande naye ana ngozi ngumu na mwiba mgongoni ausimamishao ili kujikaza ndani ya tundu asivutwe na adui. Yuko kikande mmoja mwenye mistari ya rangi ya machungwa mwili mzima, ambaye chakula chake ni wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaotuchoma nyayo maji yakipwa. Wataalamu waliochunguza miamba ya Kenya wameona kuwa kikande akivuliwa akaisha, viumbe hao huzidi na kuitafuna miamba. Mwamba ukiliwa, samaki hukosa makao, na mvuvi hurudi na dema tupu.

Kwa hiyo rangi hizo si pambo tu. Nyuma yake zimo kazi. Ndiyo maana zimetengwa hifadhi za bahari kama zile za Malindi na Watamu, tangu mwaka 1968, ambamo uvuvi hauruhusiwi. Lakini hifadhi ni sehemu ndogo ya bahari. Kwingineko kote mizani iko mikononi mwa mvuvi, na mikononi mwa anayenunua. Mama anayechukua fungu la pono na tafi wachanga, urefu wa kidole, kwa kuwa ni rahisi, ananunua leo kitoweo cha mwakani. Juya la kukokota limepigwa marufuku na sheria ya nchi, lakini halitakoma maadamu linachokizoa kina mnunuzi.

Liko na jambo la pili, nalo ni la roho zetu. Bunju, samaki ajazaye tumbo kama mpira anaposhtuliwa, huwafurahisha sana watoto. Ini lake, mayai yake, na mara nyingi ngozi yake, vina sumu ambayo moto hauiondoi, si kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Aliyemla huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo hulegea, na mwisho pumzi hukatika. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka ipungue. Basi dalili ikionekana, msingoje maziwa wala limau, mkimbizeni. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamehalalisha samaki wa baharini, ila chenye kudhuru hakiliwi. Msinunue vipande vya samaki aliyekwisha kuchunwa ambaye muuzaji hawezi kuwatajia jina lake.

Mama zetu na dada zetu, nendeni na watoto kwa muuza samaki. Waulizeni jina la kila mmoja, na wafundisheni kazi yake. Mkiona fungu la wachanga, liacheni, na semeni kwa adabu kwa nini mmeliacha. Muuzaji atasikia, na mvuvi atasikia kwake.

Wabillahi tawfiq.